Swali la Tisa

Ijumaa, 10 Januari 2025. Musoma

Redio asubuhi: jana Mahakama Kuu ya Kenya ilikibatilisha kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu. Kujaribu kujiua si jinai tena huko. Hapa kwetu Tanzania, kifungu kama hicho, cha 217, kipo palepale, na kazi yangu ni kukaa na fomu ya PHQ-9, maswali tisa ya kupima sonona, nikiwaomba watu waniambie wanayoyawaza. Mmoja leo kauliza wazi: "Hiyo karatasi polisi wanaiona?" Hawaioni, nikamwambia. Kajibu, lakini macho hayakutoka kwenye kalamu yangu.

Jumatatu, 13 Januari. Bunda

Swali la kwanza mpaka la nane ni usingizi, uchovu, hamu ya kula na mengine ya aina hiyo. Wanajibu huku wanatafuta kadi ya kliniki kwenye pochi. La tisa, la mawazo ya kufa au kujidhuru, kimya.

Kaka wa leo analima pamba. VVU, dawa anameza vizuri, kipimo cha mwisho virusi havionekani. Kila chumba anachoingia anapongezwa. Kwa la tisa kachagua "zaidi ya nusu ya siku," akatazama dirishani. Halafu: "Dokta, hakuna aliyewahi kuniuliza." (Si daktari mimi. Nimeshaacha kuwasahihisha.)

Na bado kuna watu, tena wa afya, wanaoniambia ukiuliza unamtia mtu wazo. Tafiti zinawakatalia, miaka sasa. Waje wakalie kiti hiki.

Tumeandika mpango wa usalama, kwa mwandiko wake. Akizidiwa ampigie nani? Shemeji. Kaka yake hamtaki, "atanihubiria." Tukacheka wote wawili! Dawa za kupulizia pamba zihamie kwa shemeji, chini ya kufuli. Sri Lanka waliondoa sokoni zile kali kabisa, vifo vya kujiua vikashuka kwa zaidi ya theluthi mbili. Sisi tuna kufuli moja na shemeji mmoja. Nampigia kaka huyu baada ya wiki mbili.

Alhamisi, 16 Januari. Butiama

Mvua, watu wachache. Mama wa saratani ya shingo ya kizazi, katoka hospitali ya Bugando. Halali, hali, nguvu hana. Alama zimepanda juu, ila nitajuaje kama ni huzuni au ni saratani yenyewe? La tisa kanikemea: "Nijiue, wajukuu nimwachie nani?" Kifo anakiwaza, kila siku, hakunificha. Kashachagua hata pa kuzikwa. Fomu inachanganya kukiwaza na kukitaka kwenye swali hilohilo moja. Nimeandika pembeni kwa penseli, sijui nani atasoma.

Jumatatu, 27 Januari. Musoma

Marekani imesitisha misaada, siku 90. Ujumbe umeingia kwenye kundi la mradi wetu: simamisheni kazi, vishikwambi virudishwe. Hasira mpaka chai imenishinda. Moshi kule, hospitali ya KCMC na wenzao wa Chuo Kikuu cha Duke wamefanyia majaribio ushauri wa masafa kwa wenye VVU wanaowaza kujiua. Mimi hata kifurushi cha simu hakijaingia.

Wiki mbili za kaka wa Bunda ni leo. Nimenunua changu. Simu yake haipatikani. Nikapiga tena. Haipatikani. Moyo huu!

Shemeji kapokea. "Yuko shambani anapalilia, dokta. Chaji imemwishia. Ufunguo ninao mimi." Na akaniuliza kama kliniki itafungwa. Nikamwambia shemejiye aje kuchukua dawa tarehe yake kama kawaida, na mimi nitapiga saa mbili usiku niongee naye mwenyewe.