Ajabu ya Namba 142,857

Wako watu wengi wadhanio ya kuwa hesabu ni kazi ya dukani na shuleni tu, wala haina ajabu. Leo nataka kuwaonyesha namba moja, nayo ni 142,857, mpate kuipima wenyewe kwa kalamu na karatasi.

Namba hii ilizuka katika shauri la watu. Ndugu saba wa nyumba moja hapa Hasamba waliuza kahawa ya shamba aliloliacha baba yao, na baada ya kulipa madeni wakabakiwa na shilingi 1,000,000. Kaka yao mkubwa akaandika daftarini: kila mmoja shilingi 142,857. Wadogo wakanung'unika, wakisema, "Namba gani hii isiyokaa sawa? Bila shaka kuna kitu kimefichwa." Wakaja kwangu hali hawasemezani. Nikaizidisha mara saba mbele yao, ikatoka 999,999. Basi fedha yote ilikuwapo, ila imebaki shilingi moja isiyogawanyika kwa watu saba. Kaka mkubwa alikuwa mwaminifu tangu mwanzo.

Walipokwisha kutulia, nikawaonyesha ajabu yenyewe. Zidisha 142,857 mara mbili, utapata 285,714. Mara tatu, 428,571. Mara nne, 571,428. Mara tano, 714,285. Mara sita, 857,142. Tazama vema: tarakimu ni zile zile sita, na mfuatano wake ni ule ule, ila kila mara zaanzia mahali pengine, kama watoto walioshikana mikono wakizunguka. Tena ikate namba katikati, ujumlishe 142 na 857, utapata 999.

Je, huu ni uchawi? Sivyo. Gawanya 1 kwa 7, na kila baki uliongezee sifuri, uendelee. Mabaki yatakuwa 3, kisha 2, kisha 6, kisha 4, kisha 5, kisha 1. Baki la saba haliwezi kupita 6. Na hapa yote sita yametokea, na 1 imerudi, basi kazi yaanza upya, nazo tarakimu 142857 hujirudia bila mwisho. Ukitaka mara mbili yake, ni sawa na kugawanya 2 kwa 7. Na 2 ni mojawapo ya mabaki yale. Waingia katika mzunguko ule ule, ila kwa mlango mwingine.

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nami naongeza: daftari lisiloeleweka huzaa chuki. Ndugu wale walikuwa karibu kutengana, na dawa yao ilikuwa kuzidisha mara saba, kazi awezayo mtoto wa shule. Basi wazazi, msiwaache watoto, wala wa kike wala wa kiume, waikimbie hesabu.

Na atakaye kazi zaidi, agawanye 1 kwa 13, kisha 1 kwa 17, aone ni wapi mabaki yote hutokea, na ni wapi mengine hukosekana.