Mwalimu Wangu Ana Miaka Minne

Wahenga walinena kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Lakini hawakutuambia tumlee kwa lugha gani! Msomaji mpendwa, huku kwetu Endebess, chini ya Mlima Elgon, swali hilo si mchezo. Siku ya soko utasikia Kisabaot, Kibukusu, Kiturkana, Kikuyu na Kiswahili kabla hujanunua hata fungu moja la nyanya.

Sisi wa shule ya kutwa tuna bahati moja ambayo wenzetu wa bweni hawana: kila jioni tunarudi nyumbani na kuona wadogo zetu wanavyokua. Nilipoingia kidato cha kwanza, kitindamimba wetu alikuwa amepita miaka miwili, na maneno yake yalikuwa ya kuhesabika. Jirani mmoja akamwambia mama, "Huyu mtoto mnamchanganya. Kukhu anamwongelesha Kibukusu, nyinyi Kiswahili, redio nayo Kiingereza. Ati atatoa wapi akili ya kushika zote?" Habari zikamfikia baba, ambaye hufanya kazi mbali. Akapiga simu na kutoa amri: kuanzia leo ni Kiswahili na Kiingereza tu.

Kukhu alisikia, akanyamaza. Yeye hakwenda shule, na Kiswahili chake ni cha kuulizia bei. Ukimkataza lugha yake, atamlea mjukuu kwa ishara?

Mimi sikuwa na kinywa cha kumbishia mzazi. Nilichukua daftari kuukuu la hisabati, nikawa naandika kila neno la mtoto: amesema nini, siku gani, na kwa nani.

Jambo la kwanza nililogundua ni kwamba mtoto hakati maneno ovyo ovyo. Kitabu alikiita "tabu", kitanda "tanda", mafuta "futa". Kwa kukhu, maji ambayo ni kamechi yakawa "mechi", na maziwa, kamabele, yakawa "bele". Nilipomwonyesha mwalimu wetu wa Kiswahili, alicheka, kisha akaniuliza, "Shadda huwekwa wapi?" Nikajibu, silabi ya pili kutoka mwisho. "Basi hapo ndipo sikio la mtoto linaposhika." Nilishangaa sana. Sheria ile tunayoikariri kwa ajili ya mtihani, mtoto wa miaka miwili alikuwa akiifuata, tena katika lugha mbili kwa mpigo!

La pili lilikuja alipokaribia miaka mitatu na nusu. Usiku mmoja alitaka kulala, akaniambia, "Washua taa." Nikadhani nimesikia vibaya. Akarudia, "Washua!" Alitaka nizime. Fikiria, msomaji: funga, fungua, ziba, zibua, kwa hivyo washa, washua! Kwetu hakuna mtu asemaye hivyo, wala redioni sijasikia. Neno hilo alilitengeneza mwenyewe. Hapo nikajua kwamba mtoto si kasuku. Anasikiliza, anatafuta kanuni, kisha anaijaribu. Sikumcheka. Nilizima taa tu, nikamwambia, "Haya, nimezima."

La tatu ndilo lililonifanya nimpe mama daftari asome. Mtoto akimgeukia kukhu, hutumia Kibukusu. Akitoka nje kucheza na watoto wa jirani zetu Wasabaot, hutumia Kiswahili. Hata wageni huwapima kwanza, asikie wanasema nini, ndipo ajibu. Mtu aliyechanganyikiwa hawezi kuchagua hivyo.

Baba alipokuja likizo ya Desemba, mama alimpa daftari baada ya chakula. Alisoma kurasa zote akiwa kimya, mimi moyo ukinidunda. Mwishowe alisema, "Kumbe huyu ana akili ya lugha. Mama aendelee kumwongelesha." Kukhu alijifanya hajasikia, lakini usiku ule hadithi ya fisi ilikuwa ndefu kuliko kawaida.

Nimejifunza pia kwamba si sisi wa kwanza kuwaza hivi. Kamati ya Gachathi, mwaka 1976, ilipendekeza watoto wa madarasa ya chini wafundishwe kwa lugha ya eneo lao. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 7, inaitaka serikali iendeleze lugha za kiasili. Mahali palipochanganyika kama hapa kwetu, Kiswahili ndicho kinachotuunganisha, lakini hakihitaji kuifukuza lugha ya nyanya jikoni.

Sasa kitindamimba yuko PP1. Amejua a, e, i, o, u, halafu ba, be, bi, bo, bu. Raha ya Kiswahili ni kwamba kila irabu ina sauti yake moja, basi mtoto akishashika silabi chache, husoma neno zima. Juzi alichukua makaa akaandika ukutani: KUKU. Mama akaja mbio na kitambaa, akauliza, "Na huyu kuku amefanya nini?" Mtoto akakasirika. "Si kuku! Ni kukhu!" Sauti ile ya "kh" hawajafundishwa bado, kwa hivyo aliandika kwa herufi alizo nazo. Kukhu akaletwa kuona jina lake. Aliligusa kwa kidole, taratibu, kama mtu anayepima joto la uji. Mama alikunja kitambaa akarudi jikoni, na ukuta haujafutwa hadi leo.

Wenzangu, ukiwa na mdogo wako nyumbani, tafuta daftari. Akikosea neno, usikimbilie kumcheka. Jiulize ametumia kanuni gani. Nanyi walimu wetu, mkituona tunasinzia kwenye somo la sarufi, tukumbusheni kwamba tuliwahi kuijua yote kabla hatujaota meno ya mwisho. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, hata wa miaka minne.