Miale ya Leza na Ngozi Zetu

Huku kwetu chini ya Mlima Meru jua hutuchoma hata Julai tunapovaa sweta. Wengi wetu tuna madoa mashavuni yaliyoanza wakati wa ujauzito, na wengine makovu ya chunusi. Sasa mwenzetu wa kikundi cha sala amejiwekea fedha atibiwe uso kwa leza kabla ya sendofu ya binti yake. Alituuliza achague leza ipi. Kumjibu kwamba uzuri ni wa moyoni, kisha tukamwacha hapo, tuliona si upendo. Tukaulizia.

Leza ya kaboni dayoksaidi, na ile ya erbiamu, huondoa tabaka la juu la ngozi ili mpya iote. Uso huwa kidonda wiki moja hadi mbili, na wekundu huweza kubaki miezi. Aina nyingine haichubui. Hupitisha joto ndani na kuacha ngozi ya juu ikiwa nzima. Tena tangu 2004 kuna njia ya kupiga vitone vidogo vidogo, ngozi ya katikati isiguswe, na mtu hupona upesi zaidi.

Kwa sisi weusi jambo kubwa ni hili: ngozi yetu ikijeruhiwa huacha alama nyeusi. Kila mama aliyerukiwa na mafuta ya maandazi anajua! Leza kali yaweza kuongeza weusi ule ule tunaoukimbia, na mwenye asili ya kuota makovu manene yuko hatarini zaidi. Kwa makovu ya chunusi, tungechagua ile ya vitone isiyochubua, kwa nguvu ndogo, mara kadhaa. Madoa ya ujauzito ni habari nyingine, maana joto lenyewe huweza kuyachochea yakarudi.

Basi tulimshauri aanzie KCMC, Moshi, mwendo wa kilomita kama 80, ambako tangu miaka ya 1990 kuna kituo cha kufundisha waganga wa ngozi. Akaeleze bila haya kama amewahi kupaka mkorogo, kwa kuwa zebaki na haidrokwinoni huharibu ngozi kabla leza haijafika. (Tulipotaja mkorogo, wengi tuliinamisha vichwa.) Huenda daktari akaanza na mafuta ya kukinga jua tu.

Mumewe ameridhia fedha zikae kwanza. Jumanne anapanda basi kwenda Moshi, na tumemwazima kofia pana ya shambani.