Wati Elfu Tano Zilizozima Noeli Yetu

Ndugu msomaji, kama nyumbani kwako mna amplifaya na spika, au kama wafikiri kununua kahawa itakapolipwa, keti kidogo nikusimulie yaliyonipata. Nayasimulia kwa aibu, maana mimi ndiye baba wa nyumba, na fedha ile haikuwa ya kuchezea.

Mwaka juzi, baada ya mauzo ya kahawa, mama watoto alitaka tununue bati za jiko. Mimi nikasema bati zitangoja, kwanza tupate chombo cha muziki, watoto wafurahi sikukuu. Dukani mjini niliona sanduku limeandikwa kwa herufi nyekundu: wati 5000. Kando yake palikuwa na chombo kingine, wati 60 tu, na bei yake ilikuwa kubwa zaidi! Moyoni nikamcheka atakayekinunua. Nikachukua kile cha elfu tano.

Usiku wa Noeli wageni walijaa uani. Niliazima spika mbili za jirani nikaziunga na zangu mbili, kila moja juu ya mwenzake: waya mwekundu kwa mwekundu, mweusi kwa mweusi. Sauti ikapanda, watu wakashangilia. Haikupita saa moja tukasikia harufu ya kitu kinachoungua, kisha kimya. Mama watoto hakusema neno. Afadhali angesema.

Nilipompelekea fundi, hakuanza kwa kufungua chombo. Aliuliza, “Mzee, nyumbani mwatumia umeme gani?” Nikamwambia ni wa jua: betri moja ya volti 12, ampea-saa 100, na inverta ya wati 300. Akatabasamu. “Betri hiyo ikijaa ina wati-saa 1200. Chombo cha wati 5000 kingeimaliza kabla ya robo saa. Na hiyo inverta ya wati 300 ingezitoa wapi wati 5000?” Sikuwa na jibu. Hesabu hiyo hata mtoto wangu wa darasa la sita angeiweza, lakini mimi sikuifanya.

Kisha akageuza chombo akanionyesha maandishi madogo nyuma, madogo kama ya dawa: RMS, wati 50 kila upande, kwa spika za omu 8. Hiyo ndiyo nguvu yenyewe, ambayo chombo chaweza kuitoa mfululizo. Ile ya sandukuni huandikwa PMPO, na kila mwenye kiwanda huihesabu apendavyo. Debe tupu haliachi kuvuma. Wala si hila ya jana: huko Marekani tume ya serikali ya biashara ilitoa kanuni mwaka 1974 kuwalazimisha wauzaji wa amplifaya za nyumbani waseme nguvu ya mfululizo, na waseme ni kwa spika za omu ngapi.

Basi hizo omu ndizo zilizoniunguza. Jina limetoka kwa Georg Ohm, mwalimu wa Kijerumani aliyetoa kitabu chake juu ya umeme mwaka 1827. Omu hupima jinsi spika inavyouzuia umeme kupita. Fikiri tanki la maji lenye bomba jembamba: maji hutoka kidogo kidogo. Ukiunga bomba la pili kama lile kando yake, maji yatokayo ni mara mbili. Ndivyo nilivyofanya. Spika mbili za omu 8, zikiungwa sambamba, huwa kama spika moja ya omu 4. Omu zimepungua, umeme umezidi.

Tazama hesabu. Wati 50 kwenye omu 8 ni volti 20 na ampea 2.5. Volti 20 hizo hizo kwenye omu 4 huvuta ampea 5, yaani wati 100. Kuna amplifaya zilizojengwa kustahimili hayo, na zimeandikwa hivyo nyuma. Yangu ilisema omu 8, zisipungue. Nami niliifungulia sauti mpaka mwisho, transista zake zikapika kama maharage.

Nilimwuliza fundi kama wati 100 zingeipa sauti mara mbili. Akasema la. Ukizidisha wati mara mbili sauti huongezeka desibeli 3 tu, na sikio huona tofauti ndogo. Ili sikio lione sauti imekuwa mara mbili, zatakiwa wati karibu mara kumi. Chumbani mwetu wati chache tu zatosha, mradi spika ni nzuri. Hapo nikaikumbuka ile ya wati 60 niliyoicheka.

Matengenezo yalikula fedha ambayo sitaitaja hapa, kwa kuwa gazeti hili husomwa na mama watoto pia. Lakini Pasaka iliyofuata niliziazima tena spika za jirani. Safari hii, kila upande, nilizipanga mbili kwa mstari: waya kutoka amplifaya waingia spika ya kwanza, watoka hapo kwenda ya pili, kisha warudi. Hapo omu hujumlishwa, 8 na 8 huwa 16, na umeme hupungua. Sauti haikushinda ile ya spika zangu mbili za kwanza, ila ilienea ua mzima, hata waliokaa chini ya mwembe walisikia maneno. Kila mara nilikuwa naweka kiganja mgongoni mwa chombo. Kilikuwa na joto la kawaida, kama la chungu kilichokwisha epuliwa.

Bati za jiko bado. Zangoja kahawa ya mwaka huu.