Saa Nne ya Bamvua

Mwandishi wa kumbukumbu hizi amekula mshahara kwa kuitazama pwani ya Tanga kutoka kilomita 786 angani, ingawa buti zake zimemalizwa na tope la mikoko. Alisomea upimaji Dar es Salaam, akarudi kwao kusoma picha za setilaiti, kuanzia Jasini mpakani hadi mlango wa mto Pangani.

Alianza na setilaiti za Landsat, ambazo picha zake zimetolewa bure tangu 2008. Pikseli moja ilikuwa mita 30 kwa 30: shamba la mkonge utaliona, ngalawa huioni. Kisha zikaja Sentinel-2, ya kwanza ikarushwa Juni 2015, ya pili Machi 2017, zikaleta pikseli za mita 10 na kupita kila baada ya siku 5. Kwa mwanga wa infraredi, unaoonyeshwa kwa rangi nyekundu, jani bichi hurudisha miale na maji huimeza, hivyo mikoko ya ghuba ya Mtangata hutokea nyekundu kama damu. Mashamba ya chumvi ndani yake hujulikana kwa pembe. Jangwa la asili, yaani uwanda mtupu katikati ya mikoko, halina pembe.

Raha yenyewe iko kwenye saa. Setilaiti hizo hupita Tanga kati ya saa nne na saa tano asubuhi, kila zamu. Na wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukipevuka, maji ya pwani hii hupwa saa hizo hizo. Wanawake wa kijiji cha Kigombe hawakuhitaji setilaiti kulijua hilo: ndiyo saa ya kushuka mwambani kuchokoa pweza. Juma moja baadaye, wakati wa maji mafu, saa nne hukuta mwamba umefunikwa.

Mshauri mmoja aliwahi kuandika kwamba majani ya bahari yametoweka. Picha yake ya kwanza ilikuwa ya bamvua, ya pili ya maji mafu. Majani yalikuwepo, chini ya maji!

Tangu hapo kila faili la mwandishi lina tarehe ya mwezi mwandamo, wenzake wacheke wasicheke. Bamvua hurudi baada ya siku 14 na robo tatu hivi. Siku 5 mara tatu ni 15. Basi hulinganisha picha na ya tatu baada yake.

Masika huvuruga yote. Kimbunga Hidaya kilipofika Mei 2024, picha za kawaida zilikuwa mawingu matupu. Rada ya Sentinel-1 hupenya mawingu na giza, ila bahari ikichafuka, maji na mchanga hufanana kijivu. Mstari wa pwani wa miezi ya masika huupima kwa miguu na GPS, na huandika hivyo pembeni mwa ramani.