Namba Zilizotulia Si Lazima Ziwe za Kweli

Leo tuzungumzie joto.

Mwenye bekari moja hapa Nairobi aliniita nimtulizie namba. Skrini ya tanuri lake iliruka kutoka nyuzijoto 172 za Selsiasi hadi 190 kwa sekunde chache, kisha ikarudi. "Andika programu ipige wastani," akaniambia. Hiyo ni mistari mitano tu. Lakini mikate ilikuwa ikiungua, na mwokaji alikuwa akikatwa mshahara kwa ajili yake. Yeye alishikilia kwamba skrini ilikuwa kwenye 180. Nani mwongo?

Kipimajoto chenyewe ni themokapo ya aina ya K: nyaya mbili za aloi tofauti, kromeli na alumeli, zilizounganishwa nchani. Kila badiliko la nyuzijoto 1 huzaa maikrovolti 41 hivi. Yaani nyuzijoto 10 nzima hazifiki hata nusu ya milivolti! Na nyaya hizo zilifungwa bega kwa bega na waya wa mota ya feni, wenye volti 240. Nilizima feni, namba zikatulia. Basi nikazisokota nyaya, nikazipitisha mbali na umeme mkubwa, nikaweka kapasita ya nanofaradi 10 kwenye miguu ya chipu. Kuruka kukaisha.

Hiyo ni nusu ya kazi. Themokapo hupima tofauti ya joto kati ya ncha yake na mwisho wa nyaya zake. Chipu hujumlisha joto la pale ilipo yenyewe. Aliyefunga mtambo alirefusha nyaya kwa shaba ya kawaida, na kiungo kikakaa ubavuni mwa tanuri, penye nyuzijoto 60. Chipu ilikuwa penye 25. Nyuzijoto 35 zikapotea njiani.

Nilichovya ncha kwenye birika linalochemka, kiungo nikakiacha palepale. Nairobi iko juu sana, maji huchemka karibu 94, si 100. Skrini ikasoma 59, imetulia tuli.

Kwa hiyo skrini iliposema 180, mikate ilikuwa kwenye 215 hivi. Mwokaji alisema kweli. Mwenye bekari alilitazama birika, akatazama skrini, na makato yakakoma. Tulivuta waya wa K hadi kwenye chipu.

Wastani ungempa namba nzuri, na kijana angeendelea kulipia mikate. Namba zikiruka, zima mota, fuata waya, chemsha maji. Programu ije mwisho.