Vioo vya Shaba vya Kyoto na Jina la Bibi Harusi

Katika mji wa Kyoto, uliokuwa makao ya wafalme wa Japani kwa zaidi ya miaka 1,000, tulitazama vioo visivyokuwa vya kioo. Ni visahani vya shaba iliyochanganywa na bati, vingi vikiwa na mpini wa kushikia. Uso mmoja ulisuguliwa na kupakwa zebaki hadi ukaonesha sura ya mtu. Upande wa nyuma ndio uliopambwa, na katika zama za Edo (1603–1868) pambo mojawapo lililopendwa lilikuwa alama ya ukoo, waiitayo kamoni.

Nyingi ya alama hizi ni majani na maua, kama yale majani matatu ya ukoo wa Tokugawa uliotawala zama hizo. Wala jambo hili si geni kwa Waislamu. Maamiri wa dola ya Mamluki nchini Misri walitia alama zao kwenye taa za misikiti na vyombo vya shaba: mnyweshaji wa sultani kikombe, na karani kisanduku cha kalamu. (Sisi makatibu hilo tumelipenda.)

Kamoni haikuwa ya wakubwa pekee. Watu wa kawaida, ambao hawakuruhusiwa kutumia rasmi jina la ukoo mpaka mwaka 1870, nao walikuwa na alama zao. Kilichotugusa zaidi ni desturi ya pande za Kyoto na Osaka: binti hurithi alama ya kike kutoka kwa mamaye, akaenda nayo kwa mumewe juu ya vitu vyake vya harusi. Mwaka 1876 serikali iliagiza kwamba mke abaki na jina la alikozaliwa. Sheria ya 1898 ikaligeuza hilo. Hadi sasa wanandoa wa Kijapani hulazimika kuchagua jina moja, na mara nyingi mno anayeacha lake ni mke.

Dini yetu imemwachia mke jina la babaye pamoja na mali yake. Hata hivyo, siku hizi twaona kadi za mialiko zikimwita bibi harusi kwa jina la mume kabla hata ndoa haijafungwa, na wazazi wake wamenyamaza.

Vioo vya kisasa vilipoenea Japani, wasuguaji wa shaba walikosa kazi. Leo majumba ya makumbusho huvionesha vioo vile kwa mgongo: alama ya ukoo imetuelekea sisi, na uso uliomwonesha mwenyewe umegeukia ukutani.